Mwalimu Kabla ya Uwanja

Tarehe 17 Mei 1975, katika Uwanja wa Taifa mjini Kingston, Jamaika, mwanariadha wa Tanzania Filbert Bayi alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Kwa kufanya hivyo aliipunguza kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde rekodi ya dunia ambayo Mmarekani Jim Ryun alikuwa ameishikilia tangu mwaka 1967. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 2 Februari 1974, Bayi huyo huyo alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, akiongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe. Wenyeji wa Kingston, ambao wana mapenzi makubwa na riadha, siku hiyo walishuhudia kazi ya namna hiyo ikifanywa kwao na mgeni kutoka nchi changa kama yao.

Miaka mitano baadaye, katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980, Tanzania ilipata medali mbili za fedha: Suleiman Nyambui katika mita 5,000 na Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Jamaika ilirudi na medali tatu za shaba, na moja kati ya hizo ilikuwa ya baiskeli. Kwa kipimo hicho nchi hizo mbili zilikuwa bega kwa bega. Zote zilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni, na zote zilikuwa na mahitaji mengi yaliyotangulia michezo. Lakini Tanzania, kwa hesabu ya watu ya mwaka 1978, ilikuwa na wananchi wapatao milioni 17.5, na Jamaika ilikuwa na milioni mbili na kitu.

Tangu hapo Jamaika imejipatia zaidi ya medali 60 za Olimpiki, karibu zote za riadha. Tanzania, hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024 ilipomalizika, haikuwa imeongeza hata moja juu ya zile mbili za Moscow. Yafaa kuuliza ni jambo gani lililotokea katikati.

Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba Wajamaika wamezaliwa na mbio. Wataalamu wa elimu ya urithi wamelichunguza jambo hili. Ipo jeni moja, iitwayo ACTN3, inayohusika na protini ya zile nyuzi za misuli ambazo hujikunja kwa haraka. Ni kweli kwamba aina ya jeni hiyo inayofaa kwa mbio fupi inapatikana kwa Wajamaika wengi mno. Lakini wachunguzi walipowalinganisha wakimbiaji bora wa Jamaika na wananchi wa kawaida wa kisiwa hicho, hawakuona tofauti ya maana: muuza samaki wa sokoni anayo jeni hiyo sawasawa na bingwa. Zaidi ya hayo, uchunguzi uliofanywa nchini Kenya ulionyesha kwamba wananchi wa huko nao karibu wote wanayo. Kitu walicho nacho watu wote hakiwezi kutofautisha taifa moja na jingine. Hapana budi kutafuta sababu mahali pengine, na mahali penyewe ni shuleni.

Kazi ya sekunde kumi

Kabla ya kueleza Wajamaika walifanya nini, inafaa kueleza mwalimu wa mbio fupi anafundisha nini hasa, kwani wengi hudhani kwamba kukimbia hakufundishwi. Mtoto hukimbia tangu akiwa na umri wa miaka miwili. Mwalimu wa nini?

Mwendo wa mkimbiaji ni zao la vitu viwili: urefu wa hatua, na idadi ya hatua katika sekunde moja. Kijana anayekimbia mita 100 kwa sekunde 11.5 na kutumia hatua 46, ana hatua yenye urefu wa mita 2.17, na anapiga hatua nne kila sekunde. Hesabu hii haihitaji mtambo wowote. Inahitaji saa ya kupimia mbio, utepe wa kupimia, na mtu mwenye macho ya kuhesabu. Kwa hesabu hiyo tu mwalimu anaweza kujua kama kijana wake anapungukiwa na urefu wa hatua au na wepesi wa miguu, na dawa ya upungufu wa kwanza si dawa ya upungufu wa pili. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin tarehe 16 Agosti 2009, alitumia hatua zipatazo 41. Mita 20 zilizo kati ya alama ya 60 na ya 80 alizikimbia kwa sekunde 1.61, yaani mwendo wa karibu kilomita 45 kwa saa. Baada ya hapo hata yeye hakuweza kuongeza mwendo. Alichofanya ni kuzuia usipungue upesi.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mkimbiaji mwepesi ni yule anayerudisha mguu mbele kwa haraka kuliko wengine. Mwaka 2000 mtaalamu wa Marekani Peter Weyand na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi yaliyopinga imani hiyo. Waliwakimbiza watu wa viwango mbalimbali juu ya mashine yenye kipimo cha kani, wakaona kwamba muda wa kurudisha mguu mbele haukuwa na tofauti kubwa baina ya mtu mwepesi na mtu mzito. Tofauti ilikuwa katika kani ambayo mguu unaisukumia ardhi, ikilinganishwa na uzito wa mwili. Bingwa hukanyaga kwa muda wa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, na katika muda huo mfupi anaisukuma ardhi kwa kani inayozidi uzito wake mara kadhaa.

Maana ya jambo hili kwa nchi maskini ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kani hiyo hujengwa kwa kuruka, kwa kupanda kilima, kwa kukimbia ngazi, na kwa kubeba mizigo iliyopimwa. Kilima hakinunuliwi. Kinachohitajika ni mtu ajuaye ni mara ngapi kijana apande, apumzike kwa muda gani, na akome lini.

Hilo la kupumzika ndilo linaloharibiwa zaidi na walimu wasiofunzwa. Katika sekunde chache za kwanza za mbio kali, misuli hutumia nishati iliyokwisha kuhifadhiwa ndani yake katika hali ya kreatini fosfeti. Akiba hiyo hukaribia kwisha katika muda usiozidi sekunde kumi au zaidi kidogo, na kuijaza tena huchukua dakika kadhaa. Mwalimu anayewakimbiza wanafunzi mita 60 mara kumi, akiwapa dakika moja ya kupumua kila mara, anafikiri anawafundisha wepesi. Kwa hakika baada ya mara ya tatu au ya nne anawafundisha kuvumilia uchovu, jambo ambalo lina manufaa yake lakini si wepesi. Wanafunzi wakitapika, yeye hujisifu kwamba amewafanyisha kazi. Mwalimu aliyefunzwa angewapa dakika tano au sita, angewakimbiza mara nne tu, na watazamaji wangemwona mvivu.

Kuna somo jingine ambalo lina historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mmarekani Bud Winter aliwafundisha marubani wa jeshi la majini namna ya kulegeza mwili na akili. Baada ya vita aliyaingiza mafunzo hayo katika mbio fupi alipokuwa mwalimu wa riadha katika chuo cha San Jose, California. Misuli ya paja hufanya kazi kwa jozi: wa mbele unapojikunja, wa nyuma hauna budi kulegea. Mkimbiaji anayekaza taya, ngumi na mabega huikaza pia ile misuli inayopaswa kulegea, na hivyo anajivuta mwenyewe nyuma. Mmoja wa vijana waliofundishwa na Winter alikuwa Mjamaika, Dennis Johnson, ambaye mwaka 1961 aliifikia zaidi ya mara moja rekodi ya dunia ya yadi 100, iliyokuwa sekunde 9.3.

Njia ya Jamaika

Johnson alirudi kwao na elimu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianzisha mpango wa mafunzo ya riadha katika chuo cha ufundi cha Kingston, ambacho mwaka 1995 kilipandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia. Hakuwa wa kwanza kurudi. Herb McKenley, aliyekuwa katika timu ya Jamaika iliyonyakua dhahabu ya kupokezana vijiti ya mita 400 mara nne mjini Helsinki mwaka 1952, alikuwa amekwisha kuifundisha timu ya taifa na wanafunzi wa shule ya sekondari ya Calabar.

Watu hao hawakuanza kwenye shamba tupu, na haki yafaa itendeke kwa kulisema jambo hili wazi. Jamaika ina mashindano ya riadha ya shule za sekondari, ambayo wenyeji huyaita Champs, yaliyoanza mwaka 1910. Yalianza kwa wavulana; tangu mwaka 1999 wavulana na wasichana hushindana pamoja katika wiki moja. Hujaza Uwanja wa Taifa kwa watazamaji ambao wengi wao hawana mtoto anayekimbia, bali huja kushabikia shule waliyosoma. Kwa muda wa zaidi ya karne moja, kila kijana mwepesi wa kisiwa hicho amekuwa na mahali pa kuonekana na sababu ya kutaka kuonekana.

Lakini mashindano peke yake yanachuja tu, hayafundishi. Ndiyo maana tukio la mwaka 1980 lina uzito kuliko mbio yoyote. Mwaka huo kilifunguliwa, karibu na mji wa Spanish Town, Chuo cha Elimu ya Viungo na Michezo cha G. C. Foster. Chuo hicho kilikuwa zawadi ya serikali ya Kuba. Kimepewa jina la Gerald Foster, mkimbiaji aliyesafiri kwa meli ya ndizi hadi London mwaka 1908 kutaka kushiriki Michezo ya Olimpiki, akakataliwa kwa kuwa Jamaika haikuwa mwanachama wa michezo hiyo.

Zawadi ya Kuba ilikuwa na asili yake. Kuba yenyewe ilikuwa imejifunza kutoka kwa wengine: Alberto Juantorena, aliyeshinda mita 400 na mita 800 mjini Montreal mwaka 1976, alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu kabla ya kuingizwa katika riadha na kufundishwa na mwalimu kutoka Poland, Zygmunt Zabierzowski. Wakuba hawakuridhika kumwajiri mgeni, wakaanzisha shule zao za walimu wa michezo, na hatimaye wakawa na walimu wa kuwatoa nje. Hivyo maarifa yalitoka Ulaya ya Mashariki yakaingia Havana, na kutoka Havana yakaingia Spanish Town, wakati maarifa ya California yalikuwa yamekwisha kuingia Kingston kwa njia ya Johnson.

Chuo cha G. C. Foster hakikuwekwa kwa ajili ya mabingwa. Kinafundisha walimu wa elimu ya viungo na makocha, ambao baadaye hutawanyika katika shule za kisiwa kizima na hata katika visiwa vya jirani. Hapa ndipo palipo na siri ya uchumi wake. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba katika kila watoto 10,000 yuko mmoja mwenye uwezo wa kufikia kiwango cha dunia. Nchi yenye watoto 400,000 wa umri wa shule itakuwa nao 40. Kama ni sehemu moja ya kumi tu ya watoto hao inayopimwa na mtu anayejua kupima, nchi itawaona wanne, na mmoja kati yao ataumia, mwingine ataacha shule, wa tatu atapenda mpira wa miguu. Uwanja wa fahari katika mji mkuu haubadilishi hesabu hiyo hata kidogo. Mwalimu aliyefunzwa katika kila shule anaibadilisha.

Mwaka 1999 ukaongezwa mguu wa mwisho. Hadi wakati huo Wajamaika bora walipomaliza sekondari walikwenda katika vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo viliwapa masomo ya bure. Don Quarrie na Merlene Ottey walipitia njia hiyo, na isingekuwa haki kuidharau. Hata hivyo chuo cha Marekani humlipia mwanafunzi ili akipatie chuo pointi, na msimu wake huanza ndani ya majumba wakati wa baridi na kuendelea wiki baada ya wiki hadi Juni. Wengi walifika kwenye mashindano ya dunia wakiwa wamekwisha kuchoka. Stephen Francis, ambaye hakuwa mkimbiaji mashuhuri bali mtu aliyesomea uendeshaji wa biashara Marekani na kufanya kazi ya ushauri wa makampuni, aliiacha kazi hiyo. Pamoja na wenzake wachache alianzisha klabu iitwayo MVP, akiwa na nia ya kuonyesha kwamba Mjamaika anaweza kufika kileleni bila kuondoka kwao. Klabu ilifanya mazoezi katika uwanja wa nyasi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia.

Wageni waliofika baadaye walishangaa kukuta nyasi. Walitegemea kuona uwanja wa raba na mitambo. Nyasi, zikitunzwa zisiwe na mashimo, hupunguza mshtuko unaopanda kwenye mifupa ya muundi na kano za kisigino kila mguu unapokanyaga, na kwa sababu hiyo kijana anaweza kufanya kazi siku nyingi bila kuumia. Peter Snell wa New Zealand aliweka rekodi ya dunia ya maili mwaka 1962 juu ya uwanja wa nyasi mjini Wanganui, jambo linaloonyesha kwamba nyasi zinafaa hata siku ya mashindano yenyewe.

Francis hakuwa na uwezo wa kuwapata nyota wa Champs, kwa kuwa hao walikuwa wakinyang'anywa na Wamarekani. Aliwachukua walioachwa. Asafa Powell hakuwa na jina kubwa shuleni. Tarehe 14 Juni 2005 alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 mjini Athens, rekodi ya dunia. Shelly-Ann Fraser, msichana wa mtaa wa Waterhouse mjini Kingston, alishinda mita 100 katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 21, na nyuma yake walifuata Wajamaika wenzake wawili waliogawana medali ya fedha. Wakati huo Bolt naye alikuwa akifunzwa nyumbani, na Glen Mills, katika klabu nyingine. Katika michezo hiyo ya Beijing Jamaika ilitangazwa kuwa na medali sita za dhahabu, zote za riadha.

Gharama isiyoandikwa kwenye vitabu

Moja kati ya sita hizo imerudishwa. Mwaka 2017 timu ya wanaume ya kupokezana vijiti ilinyang'anywa dhahabu yake baada ya mkojo wa mmoja wa wakimbiaji wanne, uliokuwa umehifadhiwa kwa miaka minane, kupimwa upya na kukutwa na dawa iliyokatazwa. Wenzake watatu walipoteza medali kwa kosa lisilo lao. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Renée Anne Shirley, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa chombo cha taifa cha kupambana na dawa hizo, alieleza hadharani kwamba katika miezi mitano iliyotangulia Olimpiki ya London ya 2012 chombo hicho kilifanya kipimo kimoja tu nje ya mashindano. Ikumbukwe kwamba vipimo vya siku ya mashindano humkamata mjinga. Mjanja hukamatwa kwa kupimwa nyumbani kwake, asubuhi asiyoitegemea.

Hapa ndipo mpango wa gharama ndogo huwa na hatari yake. Upimaji ni ghali, hauna watazamaji, wala hauleti medali. Basi ndiyo sehemu ya kwanza kukatwa fedha. Kenya nayo imelipa gharama kubwa ya namna hiyo, na ilibidi itunge sheria maalumu mwaka 2016 baada ya wanariadha wake wengi kufungiwa. Nchi yenye kuweka mpango wa mafunzo bila kuweka fungu la upimaji inajenga nyumba na kumwachia mpita njia ufunguo.

Hatari ya pili inawahusu watoto. Mtoto wa miaka 14 bado ana sehemu laini kwenye ncha za mifupa mirefu, ambapo mfupa unaendelea kukua. Mizigo mizito na mbio nyingi katika umri huo zinaweza kuzidhuru sehemu hizo. Champs, pamoja na sifa zake zote, humfanya mwalimu wa shule atafutiwe kazi au afukuzwe kwa pointi za mwezi Machi, na Wajamaika wenyewe wamekuwa wakilalamika juu ya wavulana wanaovunja rekodi wakiwa na miaka 16 na kutosikika tena wakifika 22. Dalili moja ya mwalimu aliyefunzwa vizuri ni kwamba yuko tayari kumpeleka mwanafunzi wake kwenye mashindano akijua kwamba hatashinda mwaka huo.

Afrika Mashariki

Msomaji wa Kenya atauliza kama nchi yake haikufanya makubwa zaidi bila chuo cha namna hiyo. Swali ni la haki. Mwaka 1976 Brother Colm O'Connell, mmisionari kutoka Ireland, alifika katika shule ya St. Patrick's huko Iten, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kufundisha jiografia. Hakuwa na mafunzo yoyote ya riadha. Alitazama, akauliza, akaandika, akatazama tena. Kutoka shule hiyo walitokea Ibrahim Hussein, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1987. Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988. Na Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji mwaka 1992. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012, alikuwa mwanafunzi wake pia. Mwaka 1989 O'Connell alianza kambi za wasichana wakati ambapo wengi hawakuona haja yake.

Kisa cha Iten kinaunga mkono hoja ya mwalimu kabla ya uwanja kuliko mfano mwingine wowote. Lakini kinaonyesha pia udhaifu. Mtu mmoja mwenye macho makali ni bahati, na bahati haiwezi kuwekwa kwenye mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Alichokijua O'Connell kilipatikana kwa miaka mingi ya kutazama. Katika chuo kingeweza kurithishwa kwa vijana thelathini kila mwaka.

Tanzania inacho Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, wilayani Kwimba, na inayo mashindano ya shule za msingi na za sekondari ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Yaani viungo viwili vya mnyororo wa Jamaika, mashindano na chuo, vipo. Kiungo kilicholegea ni kile cha kati: mhitimu wa Malya akifika shuleni hupewa vipindi vya masomo mengine, hana saa ya kupimia, na matokeo ya wanafunzi wake hayaandikwi mahali ambapo mtu wa wilaya au wa taifa atayasoma. Kijana aliyekimbia vizuri mwaka huu akihamia shule nyingine huanza upya kama mtu asiyejulikana.

Daftari lingetosha, likiandikwa kwa utaratibu mmoja nchi nzima: jina, tarehe ya kuzaliwa, urefu, uzito, muda wa mita 30, umbali wa kuruka bila kukimbia, idadi ya hatua katika mita 100, muda wa mita 1,500. Vipimo hivyo virudiwe kila baada ya miezi minne, kwani mtoto anayeongeza haraka ana thamani kuliko mtoto aliye mbele leo kwa sababu tu amebalehe mapema. Hata kosa la mkono lina tiba yake. Mwalimu anayepima kwa saa ya mkono huchelewa kubonyeza anapoona moshi wa bastola, lakini mwishoni huutegemea utepe. Kwa hiyo muda wake huwa mfupi kuliko wa mtambo wa umeme. Katika mita 100 na 200 kanuni ni kuongeza sekunde 0.24, na hivyo 10.8 ya mkono huhesabiwa kuwa 11.04. Wilaya ambayo haijui kanuni hiyo itawapeleka taifani vijana wasiostahili, na kuwaacha nyumbani wale wa wilaya iliyopima kwa uaminifu.

Mwili wa Mtanzania haukubadilika katika miaka arobaini na tano. Tarehe 15 Septemba 2025, katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani aliyekuwa wa pili aliandikiwa muda ule ule, na picha ya utepe ilionyesha kwamba tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, na ilipatikana na mtu wa umri wa miaka 33, baada ya shaba aliyoipata London mwaka 2017. Haiyumkiniki kwamba katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 alikuwa peke yake.

Kuhusu Jamaika, biashara imegeuka. Zamani wakimbiaji wake walikwenda kutafuta mwalimu ng'ambo. Katika miaka ya karibuni ni wageni wanaopanda ndege kwenda Kingston. Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini alifanya mazoezi kwa Mills mwaka 2016, muda mfupi kabla ya kuweka rekodi ya dunia ya mita 400 mjini Rio de Janeiro. Zharnel Hughes, mzaliwa wa kisiwa kidogo cha Anguilla anayekimbia kwa niaba ya Uingereza, alilelewa na Mills huyo huyo, na mwezi Juni 2023 alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.83, akaivunja rekodi ya Uingereza iliyokuwa imedumu miaka 30. Rekodi hiyo ilikuwa ya Linford Christie, ambaye alizaliwa Jamaika na kuhamia London akiwa mtoto.